Barua Zote Hupitia kwa Baba

Nyumba za wafanyakazi, bwawani
4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Sikuulizi hali. Ungekuwa mgonjwa ungeshaniandikia kurasa kumi za malalamiko, kwa hiyo najua u mzima.

Kumbe wewe ndiye utakayeshona turubai la sherehe ya Baba! Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mhandisi mkuu akainua kichwa. Tafadhali usilishone kama ulivyonishonea lile begi la shule, lililomwaga vitabu njia nzima. Mkuu wa wilaya akija kumvisha Baba nishani halafu turubai limwangukie, mimi simo.

Na Baba anastahili. Alianza kwa kutembeza vibiriti na pini kwenye sinia. Akafungua duka. Akaona watu wanatembea kutwa nzima kufuata barua mji wa pili, akaenda kupiga magoti serikalini mpaka posta ikawekwa pembeni ya kaunta yake. Kisha watu wakamfanya diwani karibu kwa nguvu. Nikifumba macho nalisikia lile duka: mafuta ya taa mlangoni, marobota ya vitambaa juu, misumari kwenye makopo, halafu mlio wa muhuri, pa, pa, na watu wamekaa kwenye magunia wakingoja Mzee awasomee barua zao. Mimi nimejifunza kusoma chini ya ile kaunta.

Mkeo anaendeleaje? Mwambie wifi yake anamsalimu yeye na huyo aliye tumboni.

Sasa kuna jambo nataka kukwambia, na ulichukulie kwa uzito.

[karatasi ya pili]

Ukuta wa bwawa una ufa. Mwanzoni ulikuwa unyevunyevu tu upande wa chini, sasa maji yanatoka na yana udongo. Wahandisi hawalali. Mvua zikiendelea hivi, itabidi milango ifunguliwe maji yapunguzwe kabla ukuta haujaamua wenyewe. Maji hayo yatapita kwenu, na nyumba yako iko bondeni, hatua chache kutoka mtoni. Ofisi itatuma taarifa rasmi kwa miji yote iliyo chini. Mimi mwenyewe ndiye nitakayeichapa. Lakini usingoje taarifa. Mhamishe mkeo sasa hivi, nendeni mkakae dukani kwa Baba, kule juu. Waambie na majirani.

Dada yako


Mtaa wa bondeni
13 Machi

Dada Karani,

Barua imefika, nusu yake! Umeandika "kuna jambo, ulichukulie kwa uzito," nikageuza karatasi, nyuma kweupe. Nimelala na wasiwasi usiku mzima. Unaolewa? Baba amesema bila shaka ya pili umeisahau mezani, na kwamba tangu utoto kichwa chako ni chujio. Hayo ni maneno yake, mimi nimeyabeba tu.

Turubai linaendelea. Nimelitandaza uani, limefunika uwanja wote, kuku wa jirani wanadhani kumejengwa ukumbi. Mke wangu ananisaidia kushika pindo ingawa sasa hata kuinama ni kazi. Akikaa chini inabidi nimvute kwa mikono miwili, na akicheka inakuwa kazi mara mbili.

Nikusimulie habari ya Baba, maana hii ndiyo mkuu wa wilaya angepaswa kuisoma siku ya sherehe. Yule mama muuza mkaa, unamkumbuka, ambaye mwanawe alikuwa mgodini? Kijana alifariki mwaka jana. Barua ya msiba ilikuja, na mama wakati huo alikuwa kitandani, hoi. Baba akaiweka. Kila wiki mama akituma mtu kuuliza, Baba anamwandikia salamu za mwanawe, anazitunga mwenyewe, kwamba kazi ni nzuri, kwamba atakuja. Mama akapona kwa zile salamu. Aliposimama vizuri, Baba akaenda kwake, akaketi naye, akamwambia ukweli. Dada, yule mama alimbusu mikono. Mji mzima unajua. Watu wanasema afadhali msiba upitie kwa Mzee kuliko uje wenyewe.

Hebu niandikie hilo jambo lako. Kama ni mchumba, atuletee kitambaa cha suti.

Mdogo wako,
Sindano


Bwawani
17 Machi

Sindano,

BWAWA LINA UFA. MAJI YATAFUNGULIWA. HAMA BONDENI.

Nimeandika kwa herufi kubwa na mwanzoni kabisa ili isiwepo karatasi ya pili ya kupotea. Ile ya kwanza sikuisahau mezani. Niliikunja kwa mikono yangu, nikaitia kwenye bahasha, nikailamba, nikaibandika.

Nimeisoma habari ya muuza mkaa mara nyingi kuliko unavyodhani. Zamani na mimi ningeisifu. Safari hii imenitisha.

Nenda kwa Baba leo. Mwulize taarifa ya ofisi yetu iko wapi. Niliichapa tarehe sita, nakala moja kwa diwani na nyingine kwa posta, ibandikwe ukutani. Nilipokuwa nikiandika anuani ndipo nilipoona kwamba kwenu nakala zote mbili zinaingia mlango mmoja, kwa mtu mmoja. Miji mingine imeshajibu kwamba watu wameanza kupanda juu. Kwenu kimya.

Nimepiga simu pia. Simu ya mji mzima iko kwenye kaunta ile ile. Baba aliipokea, akaniuliza kama nakula vizuri. Nilipoanza kusema bwawa akasema haloo, haloo, sikusikii mama, laini mbovu. Mimi nilikuwa namsikia mpaka anavyopumua.

Dada


Mtaa wa bondeni
26 Machi

Dada yangu,

Pole na kazi. Barua yako imefika ikiwa uji mtupu. Mfuko wa posta uliangukia dimbwini, Baba anasema, wino wote ukakimbia. Alikaa nayo kwenye taa akinisomea kilichobaki: kwamba hujambo, mvua zimewazidi, na kazi ya kuchapa imeongezeka. Mwisho hata yeye akashindwa. Nikataka nijaribu mwenyewe, maana macho yangu ya sindano si haba, lakini ilimchanikia mkononi.

Basi hilo jambo lako limekuwa kama jino la utoto, kila nikikaribia kuling'oa linateleza. Niambie tena.

Mvua hata huku haijambo. Mto umepanda, unanguruma usiku, lakini wazee wanasema haujafika hata nusu ya mwaka ule bonde zima lilipopanda mlima. Nilimwuliza Baba kama diwani, tuwe na wasiwasi? Akasema, "Wewe shona turubai." Halafu akaniuliza kama mke wangu asingependa kujifungulia kule juu, dukani, chumba cha ghorofani kina upepo. Nikamwambia Baba, zile ngazi zenyewe zitamzalisha.

Amekonda, Dada. Watu wanasema ni furaha ya nishani. Furaha gani inayomkondesha mtu? Jana nimemkuta amekaa kwenye kaunta, muhuri mkononi, hapigi kitu. Niliposalimia alishtuka akafunga droo kwa goti.

Turubai limebaki pembe mbili.

Sindano


Bwawani
29 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua hii ni yako, kwa hiyo huna haja ya kuipitishia kwenye mvuke wa birika.

Najua barua zangu kwa mdogo wangu unazo. Najua taarifa unayo. Sikukutuhumu kwa mtu yeyote, hata hapa ofisini nimesema labda posta imechelewa, na ulimi uliniuma kusema hivyo. Mimi ni mtoto wako na nakuheshimu. Nakuomba kwa heshima hiyo hiyo.

Muuza mkaa alikuwa na msiba uliokwisha kutokea. Kuchelewesha hakukumwua mtu mara ya pili. Hii ni habari ya kitu ambacho bado. Kila siku unayoikalia, inakua.

Kama ni sherehe, sherehe inaweza kufanyiwa kilimani, mbele ya duka lako, watu wakapigwa na jua kidogo. Nishani itang'aa vile vile.

Ubao wa matangazo uko hatua tatu kutoka ulipo. Inuka uibandike.

Binti yako


Dukani
5 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Umeandika kwa adabu kuliko ninavyostahili, na nakushukuru.

Sitakudanganya wewe. Nakala zote ziko kwenye droo. Nitakueleza sababu, na si nishani. Nishani wanaweza kuileta kwenye bahasha na mimi nikajigongea muhuri.

Wewe ulikuwa shule ya bweni mwaka ule. Taarifa kama hii ilikuja. Niliipokea asubuhi, na kabla ya mchana nilikuwa nimeshaisoma kwa sauti barazani. Nilifikiri ndiyo kazi ya mtumishi wa watu. Bonde zima lilipanda mlima kwenye mvua, na magodoro, na wagonjwa, na watoto. Maji yalifika kwenye mawe ya kufulia, yakasimama, yakarudi. Lakini kule juu mke wa fundi seremala alijifungua chini ya gunia, akafa yeye na mtoto. Nyumba za bondeni zilivunjwa na wezi. Maji hayakumwua mtu, mama. Aliyeua ni yule aliyesoma karatasi, naye ni mimi. Seremala bado hunisalimia vizuri kila asubuhi, na kila asubuhi natamani asinisalimie.

Tangu hapo nimejifunza kupima. Habari ikifika kwangu naishika kwanza, namtazama mtu anayekwenda kuipata, nauliza kama mabega yake yataiweza. Mji huu umelala salama kwa sababu hiyo. Wahandisi wako wanaandika "huenda" na "ikibidi." Wakiandika siku na saa, nitabandika. Kabla ya hapo sitapandisha wajawazito mlimani kwa ajili ya "huenda."

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Baba yako


Bwawani
8 Aprili

Sindano,

Barua hii haina stempu. Nampa dereva wa lori la saruji anayepita kwenu, mtu mzima na mwaminifu, nimemwapisha akukabidhi wewe. Nilitaka kupanda lori mwenyewe, mlinzi wa geti akanishusha. Mhandisi mkuu amezuia ruhusa zote na njia inapitisha malori tu.

Sasa kuna siku na saa. Milango itafunguliwa tarehe kumi na mbili alfajiri. Maji yatakuwa kwenu mchana wa siku hiyo hiyo, na si maji ya mawe ya kufulia. Mhandisi amechora ramani, nimeona mtaa wenu umepakwa rangi mpaka kwenye paa. Amri nimeichapa mimi, nikakosea nikaanza upya. Nimeituma kwa Baba kwa simu ya maandishi pia. Sijui kama ataibandika. Alisema ataibandika.

Toa watu bondeni. Usimwombe Baba ruhusa. Piga debe, piga sufuria, pita nyumba kwa nyumba. Wakikucheka waache wacheke wakiwa wanapanda.

Na umpeleke mkeo kwanza.

Dada


Dukani kwa Baba, ghorofani
11 Aprili

Dada Karani,

Angalia nilipo! Baba ameshinda. Jana alikuja mwenyewe bondeni na mkokoteni, akasema mke wangu anahamia juu leo, hakuna mjadala, na mimi nilale huku kumwangalia. Majirani walicheka sana, Mzee anampenda mjukuu hata hajamwona. Mke wangu amefurahi upepo. Amepanda ngazi mwenyewe, akipumzika kila hatua na kunilaumu mimi kwa kila ngazi.

Nilimwona dereva wa saruji juzi sokoni. Ameniambia umempa barua yangu, nikanyoosha mkono. Akasema, "Nimeshamkabidhi Mzee, posta." Nikamwambia kaka, si ulikuwa unipe mimi? Akashangaa kabisa. Alisema barua ya mtu wa mji huu ataipitishaje mlango wa nyuma, kumpita Mzee, kama mwizi? Ingekuwa kumvunjia heshima. Sikumlaumu. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Nimemwuliza Baba, anasema anayo, atanipa baada ya sherehe kwa sababu ina mzaha wa kunikosesha utulivu. Wewe na Baba mna siri gani? Mmenitafutia zawadi?

Turubai limekwisha, Dada. Limekwisha kabisa. Tumelisimamisha uwanjani leo, na mtu akisimama katikati akitazama juu haoni hata mshono mmoja. Nilitamani ulione. Kesho mchana nitashuka kulikaza kamba, maana vijana wa mapambo hawajui fundo.

Baba hali. Nafikiri anaogopa hotuba.

Mdogo wako mwenye furaha,
Sindano


Dukani
14 Aprili

Binti yangu,

Keti. Kama uko ofisini toka nje kwanza, utafute mahali pa kuketi.

Mdogo wako amefariki.

Nimekuandikia bila kukuzungusha, sijawahi kumwandikia mtu hivi. Tumempata leo asubuhi chini ya daraja, mimi na fundi seremala, na seremala ndiye aliyemfunika kwa koti lake. Tumemzika sisi wawili, upande wa juu. Seremala hakuniuliza kitu. Bondeni hakuna nyumba iliyosimama. Walioonekana tumewazika, na wengine tunawatafuta bado.

Amri ya siku na saa niliipokea. Niliiweka kwenye meza nikachukua gundi. Nikajiambia kesho asubuhi, watu walale kwanza. Asubuhi nikasema mchana, wamalize kupamba. Nilikuwa nimejisadikisha kwamba maji yatafika kwenye mawe ya kufulia na kurudi. Utaniuliza, kama nilisadiki hivyo, kwa nini nilikwenda na mkokoteni kumchukua mtoto wangu peke yake? Nimekaa na swali hilo tangu juzi na sitegemei kuachana nalo nikiwa hai.

Tarehe kumi na mbili, saa sita mchana, aliingia dukani, kamba begani. Madiwani wenzangu walikuwepo, na mwalimu mkuu, wanakunywa chai. Akasema, "Baba, nashuka mara moja, nakaza turubai." Nikamwambia kaa unywe chai. Akasema chai ataikuta. Nikamwambia mgongo unaniuma, nisaidie kushusha marobota. Akanicheka, "Marobota gani leo, Baba, na kesho ni siku yako!" Lilikuwepo neno moja tu la kumzuia. Kulisema mbele ya wale watu ni kusema kwamba nilikuwa nalo tangu mwezi wa tatu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Usikawie."

Watu wananiuliza kama posta ilipokea taarifa. Nimesema mvua ilichelewesha mifuko. Wamenipa pole. Wananishika mikono, mama, wananiita mzazi wao, waliofiwa ndio wanaonifariji.

Sasa mkwe wangu. Yuko ghorofani, siku zake zimefika. Nimemwambia mumewe yuko ng'ambo na watu waliokwama, daraja likitengenezwa atarudi. Anakaa dirishani anatazama ng'ambo. Akiambiwa leo tutawapoteza wote wawili, mimi nimeshaona jambo hilo kwa macho yangu. Anaomba barua. Anasema akiona mwandiko wake atatulia ajifungue.

Mwandiko wenu ni mmoja, nyinyi wawili, niliwafundisha mimi kwenye karatasi za kufungia sukari. Mwandikie mistari michache kwa jina lake. Akishajifungua, nitamwambia mwenyewe.

Baba yako


Bwawani
18 Aprili

Mke wangu,

Mimi mzima, niko ng'ambo na watu wengine. Daraja limekatika ndiyo maana umeniona kimya. Turubai limekwenda na maji na Baba ataninunia mwaka mzima. Usipande ngazi na ndoo. Mtoto akija kabla yangu mwambie asilie sana, babake anasikia mpaka huku, na

Wifi, nimeshindwa. Anayeandika ni mimi. Nilikaa mezani nikaiga herufi zake, ikaja bila taabu, hata mizaha yake ikaja, na nikaona naweza kuendelea hivi kwa miezi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mume wako amefariki siku ya maji. Amezikwa upande wa juu, kaburi analijua fundi seremala. Alikuwa anakwenda kukaza kamba. Alikuwa na furaha, ninayo barua yake ya mwisho, nitakupa uisome yote.

Naogopa kukwambia ukiwa katika hali hiyo. Baba anaogopa hilo hilo, na katika hilo si mwongo. Lakini wewe ni mke wake, na kila mtu aliyeamua kwa niaba yenu ninyi wawili ameamua vibaya, nikiwemo mimi niliyetii geti. Laiti ningalilivuka lile geti siku ile. Sasa sikuomba ruhusa, nimeacha ufunguo wa ofisi mezani.

Barua hii haiendi posta. Ninayo mfukoni na niko kwenye lori, ndiyo maana mwandiko unaruka. Nitaingia dukani, nitampita Baba bila kumsalimia kwanza, nitapanda kwako, nitakuketisha, na utaisoma mkono wangu ukiwa mgongoni mwako. Mkunga nimemchukua njiani, yuko hapa kando yangu anasinzia.

Ukishalia, na ukiniruhusu, nitashuka niwaambie watu taarifa ilifika lini. Wamejaa pale dukani kutwa, dereva anasema, wamemzunguka wanampa pole, na wengine kati yao wana mapanga ya kukatia magogo yaliyoziba njia. Sijui watamfanya nini. Ni baba yangu, wifi, na nampenda, na kilima cha mji nimeshaanza kukiona.

Wifi yako